Mwongozo kamili: jinsi ya kutengeneza muvi ya baba anayelipiza kisasi, kuanzia wazo mpaka editi

Muvi ya jamaa aliyeuliwa familia halafu akaamua kuitafuta haki kwa mikono yake kila mtu anaijua. Ingia kibanda umiza chochote, vile vibanda vya kuonyeshea video mtaani, utaikuta, dijei anatafsiri, steringi analia mvua inamnyeshea, dakika mbili baadaye kashavaa koti jeusi anapunguza watu mmoja mmoja. Kwa sababu tunaijua sana ndo maana kila anayeshika kamera anataka kutengeneza ya kwake, na nyingi zinaanguka, na haziangukii kwenye ngumi wala risasi, zinaangukia katikati, pale mtazamaji anapotakiwa akubali kwamba huyu baba kweli hakuwa na njia nyingine. Hapo ndo watu wanatoa simu wanaanza kuchati.

Basi huu mwongozo nitakaa sana kwenye hiyo sehemu, mengine ntayapitia haraka. Nimeandika nikimfikiria mtu wa Dar mwenye kamera moja au simu nzuri, watu wake saba nane, na hela ya mawazo. Wa Nairobi na Mombasa nao watapata chao humo ndani.

Ili tusiongee hewani nitatumia kisa kimoja mwanzo mwisho. Baba Neema, fundi friji na AC, anakaa Mbagala. Mkewe na binti yake wa miaka tisa wanagongwa kwenye zebra pale Kilwa Road, gari kubwa, dereva ni kijana wa watu wenye uwezo. Hicho tu. Kichukue, kibadilishe, fanya unavyotaka.

Hatua ya 1: Jua mwisho kabla hujaandika mwanzo

Usianze na "sini ya kwanza mtoto anaamka". Anza na swali: huyu baba mwishoni anaua au haui? Na akiua, nini kinampata? Ukishajibu hilo mambo mengine yanajipanga yenyewe, usipojibu utafika ukurasa wa 60 unaanza kuongeza ndoto na mapacha.

Mimi mwisho ninaoupenda ni huu. Kuua watu wawili na gari, kesi yake ni ya usalama barabarani, ina dhamana, na kesi za namna hiyo mara nyingi zinaishia faini au kifungo kidogo. Baba Neema akimuua yule kijana anashtakiwa kwa mauaji, na mauaji Tanzania hayana dhamana, na ukikutwa na hatia adhabu ni kunyongwa mpaka kufa (hajanyongwa mtu tangu 1994 lakini hukumu inasomwa vilevile). Kwa hiyo mahakama ileile, ngazi zilezile, wa kesi ya gari alitoka mchana kwenda kula biriani na mwingine anapandishwa karandinga. Hapo huhitaji mtu wa kuhubiri. Mtazamaji mwenyewe kifua kinambana.

Hatua ya 2: Mpe mtazamaji mtu wa kumkosa

Kosa la muvi nyingi za hivi ni kwamba mke na mtoto wapo dakika tano wanacheka tu. Wanakimbia Coco Beach kwa mwendo wa taratibu, piano inalia, baba anamrusha mtoto juu. Hivyo vitu futa kabisa, nakuomba. Mtu anayecheka tu hajulikani, na asiyejulikana hakosekani.

Badala yake mpe mtoto jambo moja linalokera kidogo. Neema anabishana. Neema anakataa kuvaa viatu vipya vya shule kwa sababu vinambana, baba anamwambia vitalegea, mama anasema kavibadilishe dukani, baba anasema Jumamosi. Ajali ni Ijumaa. Hukuandika hata neno moja la huzuni lakini hivyo viatu ukivionyesha baadaye chini ya kitanda kwenye boksi lake na risiti ndani, kazi imeisha.

Halafu msiba. Jamani msiba wa kwetu una vitu vingi vya kushuti na ni bure kabisa, sijui kwanini watu wanakimbilia sini ya makaburini tu. Turubai limefunga nusu ya barabara, viti vya plastiki vya kukodi vimeandikwa jina la kikundi mgongoni, masufuria makubwa nyuma ya nyumba, wanawake wamekaa kwenye mikeka, kamati inajadili usafiri kwa sauti ya chini, na kuna mjomba mmoja kazi yake ni daftari la rambirambi. Shuti mkono wake anaandika majina na hela. Baba Neema kakaa tu kila anayepita anamshika bega "pole sana Baba Neema", na hilo jina lenyewe linamchoma maana Neema hayupo. Usimpe maneno. Mwigizaji wako atataka kupiga kelele na kujigaragaza, mwambie asubiri, ana sini moja tu ya kulia na ipo mbele huko akiwa peke yake.

Muda: msiba uwe umeisha kabla ya dakika ya 20. Ukichelewa zaidi watu wameshachoka na kilio.

Hatua ya 3: Funga milango ya sheria mmoja mmoja

Sasa hapa ndo penyewe.

Muvi za Kimarekani zina baraza la wazee wa mahakama kumi na mbili, zina wakili anayetembea huku na huku anapiga meza, zina dili la mwendesha mashtaka na mtuhumiwa. Ukiyabeba hayo na kuyaweka mahakama ya Kisutu watu watacheka. Mtazamaji wako kashawahi kufika kituoni, kashawahi kusindikiza ndugu mahakamani, anajua inavyokuwa. Na uzuri ni kwamba inavyokuwa kweli inaumiza kuliko ya kutunga.

Tembea na baba yako kwa mpangilio. Kituo kwanza, anapewa namba ya RB, ile ya kumbukumbu ya taarifa yake. Kama majeruhi kafikishwa hospitali akiwa hai kuna PF3, ile fomu ya polisi. Halafu kuna askari wa trafiki aliyechora mchoro wa ajali, kuna mpelelezi aliyepewa jalada, kuna ukaguzi wa gari. Kila kimoja hapo ni mlango, na kila mlango unaweza kufungwa na mtu tofauti kwa sababu tofauti. Usimfanye kila askari awe mla rushwa, hiyo ni njia ya mvivu na Bodi ya Filamu nao watakuuliza. Mmoja ana majalada arobaini mezani na amechoka. Mmoja anaogopa uhamisho. Mmoja ni mzuri kabisa na anafanya kazi yake sawasawa ila karatasi aliyoletewa ndiyo siyo. Mmoja tu ndo kapewa kitu.

Kwenye kisa chetu mchezo ni huu: asubuhi yake anajitokeza dereva wa nyumbani kwa wale matajiri, mtu mzima wa makamo, anasema mimi ndo niliyekuwa naendesha. Anapelekwa mahakamani, anasomewa shtaka la kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, anakubali kosa, anaomba apunguziwe adhabu ana watoto wanamtegemea, analipa faini, imeisha. Kila hatua ya sheria imefuatwa. Hakimu hajakosea kitu, kaletewa mtu kakiri mbele yake, afanyeje? Hii ndo inaudhi zaidi ya hakimu aliyehongwa, kwa sababu Baba Neema hana wa kumrukia kooni pale.

Mfano wa sini, uone urefu ninaoutaka:

NDANI. KITUO CHA POLISI, KAUNTA. MCHANA.

Baba Neema kasimama na bahasha ya kaki. Nyuma yake foleni.

AFANDE: Baba Neema, jalada limeshafungwa. Mtuhumiwa kakiri mwenyewe, kalipa faini.

BABA NEEMA: Afande, kuna mama anauza chapati pale karibu na zebra. Yeye alimwona aliyeshuka. Anasema ni kijana.

AFANDE: Aliandikisha maelezo?

BABA NEEMA: Alikuja. Akaambiwa arudi Jumatatu.

AFANDE: Alirudi?

Kimya. Afande anafunga kalamu.

AFANDE: Mzee wangu, nenda kapumzike. Anayefuata.

Basi. Hakuna muziki. Hiyo "anayefuata" inatosha.

Kama kisa chako si ajali bali ni mauaji kabisa, mfano majambazi wameingia nyumbani, basi zingatia haya: mtuhumiwa wa mauaji Bara hatoki kwa dhamana, kwa hiyo usimwonyeshe adui kapewa dhamana kesho yake anakunywa bia, hapo umeshaharibu. Anapofikishwa mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi hata hatakiwi kujibu kitu, maana mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza mauaji, kesi yenyewe ni ya Mahakama Kuu. Kinachoendelea pale ni "upelelezi haujakamilika", inaahirishwa, wiki mbili, tena wiki mbili, miezi inakatika. Baba anakuja kila tarehe na shati lilelile kapiga pasi, anakaa benchi lilelile. Halafu siku moja wakili wa serikali anasimama anasema DPP, yaani mkurugenzi wa mashtaka, hana nia ya kuendelea na shauri, na mtu anaachiwa. Wakati mwingine anakamatwa upya, wakati mwingine hakamatwi. Unaona? Huna haja ya kubuni kitu. Zile tarehe tu, zikatwe haraka haraka kwenye editi, shati linazidi kupauka, ni dakika moja na nusu ya muvi na mtazamaji kashakasirika.

Wakenya kwenu ni tofauti, msinakili hii. Tangu Katiba ya 2010 mshtakiwa wa mauaji anaweza kupewa dhamana mahakama isipoona sababu nzito ya kumnyima, kwa hiyo adui wenu anaweza kweli kukutana na baba wa marehemu supermarket, na hiyo sini ni dhahabu. DPP wenu naye hawezi kuondoa kesi hivi hivi, lazima mahakama imruhusu. Na kituoni mnasema OB na P3, siyo RB na PF3, dogo kama hilo likikosewa watu wa kwenu wanalishika sekunde ileile.

Kanuni yangu hapa: mtazamaji akasirike kabla ya steringi. Steringi akikasirika kwanza anaonekana kichaa. Mtazamaji akitangulia kukasirika, atakaa anamsubiri, "huyu naye mbona mpole hivi, fanya kitu bwana!" Ukiisikia hiyo kibandani ujue umeshinda.

Hatua ya 4: Kisasi kitoke kwenye kazi yake

Ile ya kwamba baba kumbe zamani alikuwa komandoo, aisee. Imetumika mpaka imechoka. Kama huna bajeti ya helikopta usimpe komandoo.

Baba Neema ni fundi AC. Fundi AC anaingia nyumba za Masaki na Oysterbay mpaka chumba cha kulala cha mwenye nyumba na hakuna anayemuuliza jina, wanamwita "fundi" tu. Anajua geti linafunguka saa ngapi, mbwa anafungwa wapi, nani analala mchana. Hana bunduki lakini ana ngazi, ana begi la spana, ana sababu ya kuwepo. Fikiria sini mama wa yule kijana anamletea fundi maji ya baridi kwenye glasi nzuri, anamwambia "pole na kazi fundi", na hajui kamletea nani maji. Hiyo ni eksheni zaidi ya kulipua gari, na gharama yake ni glasi.

Ya kwako tafuta kazi unayoijua. Konda, mshonaji, mlinzi wa usiku, mtu wa kusafisha mochwari. Jiulize kazi yake inamfikisha wapi ambapo wengine hawafiki.

Fununu ya kwanza nayo itoke kwenye maisha ya kawaida. Mimi ningeiweka kwenye lile daftari la rambirambi. Usiku matanga yameanuliwa, ndugu wameondoka, baba anapitia majina ili ajue wa kuwashukuru, elfu mbili, elfu tano, elfu kumi, halafu mstari mmoja laki tano, jina halifahamu yeye wala mjomba. Anauliza huyu nani, kila mtu anasema labda wa kazini kwa marehemu. Siyo. Ukiwa umemshuti mjomba akiandika kule mwanzo, mtazamaji anakumbuka lile jina, labda hata mkono uliotoa bahasha.

Hatua ya 5: Adui asiwe zimwi

Hapa kwa kifupi. Kuwe na ngazi tatu za adui: aliyefanya, aliyeficha, na aliyenyamaza. Aliyenyamaza ndo mgumu kuliko wote, kwa sababu ni mtu kama wewe. Yule dereva aliyebeba kosa, Baba Neema akimkamata anamwambia niliambiwa nitalala ndani wiki mbili tu halafu watanijengea. Anasema kweli, na bado hasameheki, na mtazamaji hajui amfanyie nini. Mwache hajui.

Na yule kijana, usimfanye anacheka kishetani. Mfanye hajalala vizuri tangu siku ile, ila hajafanya chochote kuhusu hilo.

Hatua ya 6: Weka kwenye karatasi

Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa sawasawa ni kama dakika moja ya muvi. Kwa hiyo muvi ya dakika 90 ni kurasa 90, usiniletee kurasa 40 unasema wataongea taratibu. Kama ni mara yako ya kwanza fanya fupi ya dakika 15 mpaka 20, chukua milango miwili tu na kitendo kimoja cha kisasi, utajifunza mengi na hutafilisika. Na tafadhali hii habari ya sehemu ya kwanza na ya pili iishe, ilikuwa ni ujanja wa kuuza CD mbili.

Mgawanyo ninaoupendekeza kwa dakika 90: msiba mpaka ya 20, milango ya sheria mpaka ya 45, fununu na kuingia nyumba za watu mpaka ya 60, kisasi na kinavyoharibika mpaka ya 80, zinazobaki ni gharama. Ndiyo, kisasi chenyewe ni dakika ishirini tu. Na lazima kiharibike kidogo, mtu asiyehusika aumie, mtoto wa yule dereva aone kitu asichotakiwa kuona. Kisasi kikienda kama kilivyopangwa hiyo siyo muvi, ni ratiba.

Ukimaliza soma kwa sauti na watu wako mkiwa mmekaa mduara. Sentensi yoyote mwigizaji anajikwaa, ifute. Watu wa Mbagala hawasemi "ninakuhakikishia kwamba nitalipiza kisasi". Wanasema "we subiri".

Hatua ya 7: Karatasi za serikali

Usiruke hii, hasa kwa aina hii ya muvi. Tanzania sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ni ya mwaka 1976, inataka kibali kutoka Bodi ya Filamu kabla ya kushuti, na skripti inapelekwa kule, na muvi ikiisha inarudi kukaguliwa na kupangiwa daraja la umri. Ukiwa na damu na polisi ndani yake jiandae kuulizwa maswali, na jibu zuri ni ile skripti yenyewe ikionyesha kwamba askari wako ni watu na siyo katuni. Kazi yako iandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kenya wenzetu wanaoainisha filamu ni KFCB.

Sare za polisi na jeshi usiazime kwa rafiki yako wala usishone kwa fundi wa mtaani bila ruhusa, utapata kesi ya kweli. Kama umekosa ruhusa, mpelelezi anavaa kiraia, mbona kawaida tu. Droni nayo ina vibali vyake TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kwa muvi hii huihitaji.

Halafu mtaani: mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji, na kituo cha karibu wajue tarehe na saa. Hii siyo adabu tu, ni usalama. Mnashuti mtu anakimbizwa na panga bandia saa mbili usiku, mtaa haujui, mtu mmoja akipiga kelele "mwizi!" mwigizaji wako yuko kwenye hatari ya kweli. Weka watu wawili wenye fulana za rangi kali pembeni kazi yao kuwaambia wapita njia ni muvi. Silaha ya bandia ikae kwenye begi mpaka kamera iko tayari, na ikikatwa sini irudi begini.

Hatua ya 8: Kushuti

Kurasa tano au sita kwa siku, siyo zaidi, kwa hiyo kurasa 90 ni kama siku 15 hadi 18. Panga kwa lokesheni na siyo kwa mtiririko wa hadithi: sini zote za nyumbani kwa Baba Neema pamoja, za kituoni zote siku moja. Angalizo, ndevu. Baba wa kabla ya msiba na wa miezi sita baadaye hawafanani, kwa hiyo za furaha zishutiwe kwanza, halafu anaacha ndevu. Masika, Machi mpaka Mei, sahau sini za nje.

Kwenye setingi za kamera, umeme wetu ni wa 50Hz, kwa hiyo weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, vinginevyo taa za tyubu na LED za bei rahisi zinachezacheza kwenye picha na hilo halirekebishiki kirahisi. Funga ekspoja na rangi isijibadilishe yenyewe katikati ya sini. Mwanga mzuri wa jioni Dar ni mfupi mno, jua likianza kuzama ni dakika kama ishirini giza limeingia, kwa hiyo sini ya jioni ifanyiwe mazoezi mchana wote na ishutiwe mara mbili tatu tu.

Usiku usimulike uso mzima. Balbu moja ya njano pembeni, upande mmoja wa uso gizani. Nyumba ya Baba Neema kabla ya msiba iwe na taa zote zimewaka, baada ya msiba taa moja tu, jikoni, kwa sababu hana sababu ya kuwasha nyingine. Hakuna atakayekuambia kaliona hilo lakini atalisikia.

Sauti ndo itakayokuumbua. Picha mbovu watu wanavumilia, sauti mbovu wanazima. Maiki ndogo ya kubana ndani ya shati kwa kila anayeongea, na rekodi dakika moja ya ukimya wa kila chumba mlichoshutia, utauhitaji kwenye editi kuziba mapengo. Friji na feni zizimwe, na weka ufunguo wa gari lako ndani ya hilo friji ili usisahau kuliwasha ukiondoka. Bajaji, adhana, kanisa la jirani, jua ratiba zao kabla.

Ngumi na mauaji: huna fedha za kuonyesha kila kitu, na bahati nzuri kutoonyesha kunaogofya zaidi. Mlango unafungwa, kamera inabaki koridoni, tunasikia. Sauti mnatengeneza baadaye, muwa ukivunjwa taratibu karibu na maiki unasikika kama mfupa, taulo lililoloa likipigwa kwenye nyama unapata ngumi. Mkipigana mbele ya kamera, mpigaji na mpigwaji wasigusane kabisa, kamera ikae nyuma ya bega la mmoja wao ili umbali usionekane, na anayepigwa ndo anayeuza ngumi kwa kichwa chake. Mazoezi kwanza mwendo wa kobe, siku nzima kama ikibidi.

Damu: vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, chemsha mpaka inakuwa nzito, ipoe, tia rangi nyekundu ya chakula kidogo kidogo, halafu nusu kijiko cha chai cha kakao ili iache ule wekundu wa juisi iwe nyeusi kidogo kama damu. Ijaribu kwenye kitambaa na mbele ya kamera, maana rangi inayoonekana kwa macho siyo inayotoka kwenye skrini. Nunua mashati mawili matatu yanayofanana, shati likishalowa halirudi. Na damu ya sukari inaita nzi na sisimizi balaa, kwa hiyo maiti wako asilazwe chini muda mrefu, atajikuna.

Kuhusu mwigizaji mkuu, neno moja. Tafuta mtu anayejua kusikiliza. Nusu ya muvi hii baba anaambiwa vitu, "jalada limefungwa", "rudi Jumatatu", "pole", na kamera iko usoni kwake. Mtu maarufu anayesubiri zamu yake ya kuongea atakuua.

Hatua ya 9: Editi

DaVinci Resolve ina toleo la bure na linatosha. Unganisha kwanza bila muziki kabisa. Itazame. Sini ambayo haisimami bila muziki ina tatizo la kuandikwa au kuigizwa, usiifunike na piano. Ukishakubali ilivyo ndo ongeza muziki, mchache, na uwe wa kwako au umelipiwa, nyimbo ya watu ukiiweka YouTube watakushika na hela itakuwa yao.

Kumbukumbu za nyuma: ruhusu mbili, zisizidi. Viatu vimeshafanya kazi hiyo.

Kata mapema. Afande akishasema "anayefuata" usisubiri baba ageuke atembee mpaka mlangoni afungue mlango atoke. Toka naye hapo hapo, sini inayofuata.

Hatua ya 10: Ijaribu, halafu itoe

Kabla hujaipeleka popote tafuta kibanda umiza, mlipe mwenye kibanda mchana mmoja ambao hana mechi, ionyeshe kwa watu wasiokujua. Usitazame muvi, kaa mbele upande wa skrini uwatazame wao. Andika dakika waliyotoa simu, dakika waliyoanza kumwongelesha steringi, dakika waliyocheka mahali ambapo siyo pa kucheka. Usiwaulize "mmeionaje", watakusifia. Waulize "yule dereva ungemfanyaje?" Wakianza kubishana wao kwa wao, wewe nyamaza uandike. Wakikubaliana wote haraka, rudi hatua ya 5.

Kutoa, njia ziko kadhaa: YouTube ukiwa na uvumilivu wa kujenga watazamaji, chaneli za TV kama Sinema Zetu ya Azam na Maisha Magic Bongo kama wataikubali, matamasha kama ZIFF pale Zanzibar kama ni fupi au imetengenezwa vizuri. Kwa TV wasome mkataba mpaka mwisho, hasa wananunua haki za miaka mingapi na za nchi gani, na kama wanachukua za mtandaoni pia. Waigizaji wako wote wawe wameshasaini karatasi kabla hujashuti siku ya kwanza, hata kama ni binamu yako, hasa kama ni binamu yako, kwa sababu siku muvi ikilipa ndo kila mtu anakumbuka aliahidiwa nini.

Na faili zote ziwe na nakala kwenye hard disk mbili, zikae nyumba mbili tofauti.